Kuzibua Meno

Keki ilirudi dukani kabla ya adhuhuri. Aliyeirudisha aliiweka juu ya kaunta, akafungua boksi, kisha akasogea kando ili kila aliyekuwamo aone vizuri. Ilikuwa keki ya ghorofa mbili, nyeupe, imezungushiwa maua ya waridi, na juu yake palikuwa na maandishi mekundu: Hongera Mama Mkwe. Maua hayakuwa na kasoro. Maandishi ndiyo yaliyokuwa na mambo yake. Herufi ya kwanza ilikuwa imelegea magoti, na zilizofuata zilipindapinda kama zimeandikwa ndani ya gari bovu kwenye barabara ya mashimo.

"Nilisema iandikwe, sikusema ichekeshe," alisema yule mteja. "Huyu ni mama mkwe wangu. Mnataka aseme nimemfanyia kusudi?"

Mwenye duka, mwanamke mnene wa mwili na mwembamba wa subira, alimgeukia mwandishi wa keki zake. Mwandishi alikuwa ameketi mahali pake pa siku zote, dirishani, ambapo wapita njia husimama kutazama keki zikipambwa. Mtaa mzima ulimwita Mama Keki, na halikuwa jina la kudharauliana; watu waliyapita maduka mengine kuja kwake kwa ajili ya mwandiko tu. Mkono wake ulikuwa ukianza jina la bibi harusi na kulimaliza la bwana harusi bila kunyanyuka. Sasa mkono huohuo ulikuwa mapajani, ameubana kwa mkono wa pili, na yote miwili ilikuwa ikitetemeka.

"Nitaifuta, niandike upya," alisema.

"Kwa mkono gani?" aliuliza mwenye duka.

Wateja waliokuwa kwenye foleni waliangalia dari. Mwenye duka alichukua mfuko wa krimu, akaandika mwenyewe. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, lakini ulisimama wima, na mteja akaondoka na keki yake bila kusema asante. Ndipo mwenye duka akamvuta Mama Keki nyuma ya pazia la stoo.

"Sikufukuzi," alimwambia. "Wewe ndiye uso wa duka hili. Lakini keki nyingine ikirudi, nitamweka mtu mwingine dirishani, wewe uje huku nyuma uoshe masufuria. Nenda katibiwe, dada. Sijui una nini, lakini una kitu."

Mama Keki mwenyewe hakujua ana nini, na hilo lilimtesa kuliko kutetemeka kwenyewe. Usingizi ulikuwa umemhama. Mdomoni alisikia ladha ya chuma, kama mtu aliyenyonya ufunguo. Tangu usichana watu walimjua kwa upole, lakini siku hizi kijiko kikianguka tu anataka kulia, au kumgombeza mtu, na akishamgombeza hajui kwa nini. Aliacha chai, akarudia chai. Alimeza vidonge vya presha vya jirani, akaona kizunguzungu, akaviacha. Kila aliyemwuliza alikuwa na ugonjwa wake wa kumpa.

Jibu lililofanana na jibu lilikuja Jumapili, na lilikuja ndani ya simu ya wifi yake.

Wifi huyu alikuwa dada mkubwa wa mumewe, na alikuwa na desturi ya kuingia nyumbani kwa kaka yake bila hodi, kwa hoja kwamba mlango wa ndugu haubishwi. Aliketi, akavua viatu, akaweka simu katikati ya meza, akabonyeza. Sauti ya mwanamke ambaye hakuna aliyemjua ilianza kusema, harakaharaka, kwamba meno yaliyozibwa kwa ile dawa ya rangi ya fedha yana zebaki ndani yake. Kwamba zebaki hiyo inavuja kila mtu anapotafuna. Kwamba inapanda kwenye ubongo, na dalili zake ni mikono kutetemeka, usingizi kukosekana, ladha ya chuma mdomoni na hasira zisizo na sababu. Watumie uwapendao, ilimalizia ile sauti.

Mtu asiyemjua alikuwa amemsimulia Mama Keki maisha yake.

"Fungua mdomo," alisema wifi.

"Wifi, jamani."

"Fungua. Sisi si watu baki."

Mume alileta tochi. Alikuwa fundi bomba, hata mkewe alimwita Fundi tu, na tochi yake ilikuwa ile ndefu ya kumulikia chini ya masinki. Mama Keki akafungua mdomo mbele ya dada wa mumewe kama mbuzi anayenunuliwa, na wote wawili wakachungulia, vichwa vikigongana. Magego manne ya nyuma yalikuwa yamezibwa, kijivu, yakimetameta kwenye mwanga.

"Hayo hapo," alisema wifi kwa ushindi.

"Hayo nayajua," alisema Fundi. "Nilikuwapo yakizibwa, hata mwaka wa ndoa hatujaumaliza. Yule mzee wa meno alikuwa na kibakuli kidogo na mchi kama wa kuchezea watoto, anakoroga. Nikamwuliza, mzee, unakoroga nini? Akasema, huu ni mkorogo wa fedha na zebaki. Nikamwambia makubwa haya, mke wangu atakuwa na fedha mdomoni na mimi sina hata mfukoni."

Alicheka peke yake. Kisha kicheko kikamkauka, kwa sababu alikuwa amejisikia akilitaja neno lenyewe kwa kinywa chake: zebaki.

Tochi ilikuwa imeishia mkononi mwa wifi. Aliitoa mdomoni, akaipandisha kwenye mashavu ya Mama Keki, akaituliza hapo.

"Na rangi hii je? Inang'aa huku, inafifia kule. Wifi, kuna kitu unapaka?"

"Dada, hilo tumelimaliza zamani," alisema Fundi. "Mke wangu hapaki kitu. Ndiyo rangi yake, amezaliwa nayo."

Alisema hivyo harusini, alisema misibani, alisema mbele ya majirani, na kila mara Mama Keki aliinamisha macho, watu wakadhani ni haya za mke mwema. Zilikuwa haya kweli, ila si za aina hiyo. Bafuni, juu ya tangi la maji, ndani ya kopo tupu la hamira, mlikuwa na kikopo cha krimu ya ngozi chenye kifuniko cha dhahabu. Alianza kuipaka pale alipowekwa dirishani, mwenye duka alipomwambia kwamba dirisha linataka uso unaokaribisha watu. Alipaka kidogo tu, kisha ikawa si kidogo tena. Na mume anayejivunia rangi ya mkewe namna ile, utaanzia wapi kumwambia?

Hospitalini walichukua damu, wakachukua mkojo, wakasema mkojo utapelekwa maabara ya mbali na majibu yatakawia. Yalipofika, wakaitwa. Fundi aliacha sinki la watu limefunguliwa, akaja mbio, viatu vyake vya kazi vikiacha alama za tope sakafuni mpaka mhudumu mmoja akamfuata na dekio nyumanyuma kama mlinzi. Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu, na nje ya mlango wake foleni ilikuwa imekata kona.

"Mama, mkojo wako una zebaki," alisema, akigonga karatasi kwa kalamu. "Tena nyingi."

"Si tulisema?" Fundi alimgeukia mkewe. "Si tulisema, mama?"

Daktari alimtazama mara moja, akamrudia mgonjwa. "Unatumia krimu?"

Kabla Mama Keki hajafungua kinywa, mumewe alikwisha kujibu.

"Kila siku, daktari."

"Kila siku?"

"Asubuhi mpaka jioni. Ndiyo inayotulisha nyumbani."

Kalamu ya daktari ilisimama. "Anauza?"

"Anauza, na anaikoroga mwenyewe. Hakuna wa kumfikia, uliza popote. Wenzake wananunua ya kiwandani, yeye anakoroga kwa mkono mpaka inasimama."

"Kwa mikono mitupu? Bila glavu?"

"Mikono safi, daktari. Anaosha kwa sabuni."

Daktari alivuta pumzi. Alikuwa na hasira ya mtu aliyeyaona mambo hayo mara nyingi akachoka kuyaona. "Mzee, unajua kwamba mkeo anajiua? Na kwamba anawaua na wanaonunua?"

"Kwa krimu?" Fundi alitaka kucheka, akaona si mahali pake. "Daktari, ile ni siagi na sukari."

Sasa ikawa zamu ya daktari kupotea. Alimtazama Fundi, akamtazama Mama Keki, akaitazama ile karatasi kama imebadilishwa jina. Chumbani mle ni Mama Keki peke yake aliyekuwa akiyasikia mazungumzo yote mawili, ya keki na ya ngozi, na angeweza kuyatenganisha kwa neno moja. Neno lilimfika ulimini. Lakini mkono wa mumewe ulikuwa begani pake, mzito, wenye harufu ya grisi, mkono wa mtu anayemtetea mkewe mbele ya wasomi. Akalimeza.

Muuguzi alifungua mlango, akasema daktari anahitajiwa wodi ya watoto, sasa hivi.

"Nakuja," alisema daktari, akiwa amekwisha kusimama. "Sikilizeni, tutaongea vizuri siku nyingine. Zebaki hii imetoka kwenye mkorogo. Mama, achana na mkorogo. Ukiachana nao mwili utajisafisha taratibu, na mikono itatulia. Usipoachana nao, figo zitafuata. Umenielewa?"

"Nimeelewa," alisema Mama Keki, na ilikuwa kweli.

Walipofika kwenye korido Fundi alimsimamisha mkewe kando ya ukuta, na uso ulikuwa umemchangamka kama wa fundi aliyekwisha kuona bomba linavujia wapi.

"Umemsikia? Mkorogo. Neno lilelile la yule mzee wa meno, hakuongeza wala hakupunguza. Haya basi, kilichobaki ni kuzibua."

Mama Keki alirudi nyumbani na vita kichwani. Mkorogo, kwa alivyoujua yeye, ni ule wa kujichubua ngozi, unaochanganywa kwenye ndoo na wanawake wa gulioni, ukapimwa kwa kijiko, ukanuka. Yeye hakuwahi kuugusa. Yake ilikuwa krimu ya dukani, yenye muhuri, yenye picha ya mwanamke anayecheka na maandishi ya lugha tatu. Alijifungia bafuni akayasoma aliyoweza kuyasoma, na yale asiyoweza akayafuatisha kwa kidole. Zebaki haikutajwa. Kwenye meno ilitajwa: aliyeyaziba aliitaja, simu ya wifi iliitaja, hata daktari hakusema kwamba meno hayana. Basi huenda Fundi hakukosea. Huenda yule kijana, kwa usingizi wake na haraka zake, ndiye aliyepotea njia.

Alijaribu kuacha krimu ili ajue moja. Siku chache tu uso ukaanza kuwasha, ukapiga madoa, na mteja mmoja dirishani akamwuliza kama ameungua na mvuke. Jioni ile akarudia. Mikono ilitetemeka alipoacha, ikatetemeka aliporudia, sasa ushahidi uko wapi? Kila alipoamua kwamba ni krimu, alilikumbuka gego lake na zebaki yake. Kila alipoamua kwamba ni gego, aliyakumbuka macho ya daktari yalivyomtua usoni kabla ya kuuliza. Mwishowe aliona afadhali asiamue.

Aliyeamua alikuwa Fundi, ambaye hakuwa mtu wa kuchelewesha kinachovuja. Aliiweka rehani mashine yake ya kuzibulia mitaro, kitu alichokuwa hamwazimi hata ndugu, akarudi kwa miguu akipiga mluzi.

"Mashine ilikuwa inazibua vyoo, pesa zake zitazibua meno," alisema. "Kazi ni ileile."

Mama Keki alicheka ili asimvunje moyo, kisha akaingia jikoni akalia kwenye taulo la vyombo.

"Kuziba au kung'oa?" aliuliza msichana wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, vidole vikiwa tayari juu ya kompyuta.

"Kuzibua," alisema Fundi.

Msichana alitafuta, akatafuta tena. Kompyuta yake haikulijua neno hilo. Mwishowe aliandika "Mengineyo," akawaonyesha benchi.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Alimlaza Mama Keki kwenye kiti, akagonga magego yake moja baada ya jingine kwa kijichuma, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Aliyefanya hii alikuwa fundi. Hayana ufa, hayajalegea. Nini kinakusumbua?"

Fundi alimpa karatasi ya maabara. Aliisoma yote, akairudia.

"Kiwango hiki hakiwezi kutoka kwenye magego manne," alisema. "Zebaki ya jino ikishaganda na fedha inakaa, kinachotoka ni kidogo mno. Nikiyachimba, hapo ndipo mvuke wake unapoamka. Mnataka niwafanyie jambo ambalo ndilo mnalolikimbia."

"Hospitali wamesema ni mkorogo," alisema Fundi.

"Wamesema mkorogo?"

Daktari aliisogeza kando taa iliyokuwa ikimulika kinywa, akautazama mkono wa Mama Keki ulioshikilia ukingo wa kiti. Vidole vilikuwa vyeupe na vifundo vyake vyeusi, kama vimeazimwa kwa watu wawili. Sauti yake ikashuka.

"Mama, ni mkorogo gani waliousema?"

"Ule wa kwenye meno," alisema Fundi. "Mimi mwenyewe nilikuwapo ukikorogwa, daktari, kwenye kibakuli."

"Baba, samahani. Namwuliza yeye."

Hapo Mama Keki aliona kabisa kwamba mlango umefunguliwa, na kwamba hautafunguliwa hivi tena. Alimtazama mumewe. Fundi alikuwa amesimama miguuni pa kiti, amevaa shati lake la kutokea, kofia mkononi, akimsubiri mkewe amthibitishie. Akisema sasa, maneno yake yote ya harusini na misibani yatageuka uongo, na atakayeonekana mjinga mbele ya dada yake na mtaa mzima si yeye, ni mwanamume huyu aliyeweka rehani kifaa cha kazi kwa ajili yake. Halafu, nani ajuaye, huenda ni meno kweli.

"Wa meno," alisema.

Daktari wa meno alivua glavu. "Basi mimi siwezi kukuharibia kinywa, mama. Rudi hospitali, uende peke yako, ukaongee nao taratibu. Au njoo hapa, peke yako vilevile. Sitakutoza."

"Fundi hakiri kosa la fundi mwenzake," alisema Fundi wakishuka ngazi. Hakuwa amekasirika, ndivyo alivyozijua kazi. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kliniki nyingine, ghorofani, yenye bango la tabasamu, na huko hawakuulizwa chochote ila wanalipaje. Aliyechimba alikuwa bwana mwenye mkono mwepesi na redio. Magego mawili yalizibuliwa, yakazibwa upya kwa dawa nyeupe. Mawili mengine yalipasuka chini ya drili, yakang'olewa. Fundi alikaa kwenye korido akisikia chuma kikilia ndani ya kichwa cha mkewe, na kila kilipopanda sauti aliikunja kofia yake, mpaka ikapoteza umbo.

Mama Keki alitoka akiwa na pamba mdomoni na shavu limejaa.

"Pole, mama. Imekwisha," alimwambia, akamshika mkono barabarani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu uchumba. "Sasa ni kupona tu."

Haikuwa imekwisha. Uvimbe ulikawia, na mwenye duka akamweka binti mmoja dirishani, kwa muda tu, alisema, na kila aliyesikia alijua muda wa namna hiyo hauna mwisho. Krimu nayo iliisha, na nyumba isiyo na mashine ya kazi haikuwa na pesa za krimu. Uso wa Mama Keki ulirudi kwa mabaka, weusi hapa, wekundu pale, na yeye akajitanda mtandio mpaka chini ya macho hata humo ndani, akisingizia jino. Mikono ilitetemeka vilevile, au ilitetemeka kidogo zaidi, au kidogo pungufu. Alikuwa hana tena uwezo wa kupima. Fundi aliitazama kwa jicho la mtu aliyefunga bomba vizuri na bado linadondoka.

"Labda ni zile dawa nyeupe," alisema wifi siku moja alipopita kwao. "Nimetumiwa nyingine inayosema nyeupe ndiyo mbaya zaidi. Mngeng'oa yote tu."

Fundi alimsindikiza dada yake mpaka mlangoni, na alipotoka alifunga komeo.

Kesho yake alirudi mapema, jua likiwa bado juu ya mapaa. Mkewe alikuwa ameketi kitandani na mtandio wake, akichambua mchele ambao nusu yake ulikuwa unamwagika sakafuni.

"Toa mkono," alimwambia. "Fumba macho kwanza."

Alifumba. Kitu kidogo cha mviringo kiliwekwa kiganjani pake, na kabla hajafumbua alikijua. Kikopo kipya, muhuri haujavunjwa, kifuniko cha dhahabu. Cha kwanza alichokihisi kilikuwa furaha. Moyo wake uliruka kabisa, kama wa mtoto, na aibu ikaja nyuma yake kwa kuchelewa.

"Niliona imeisha," alisema Fundi, akikwepa kumtazama. "Nikaona na wewe umeinama tangu iishe. Nikasema, mke wangu amepoteza meno, amepoteza dirisha, asipoteze na uso. Nimefanya kibarua mahali."

"Ulijua?"

"Mama Keki, mimi ni fundi bomba. Nani anayepanda kwenye tangi la bafuni kama si mimi?"

"Tangu lini?"

"Tangu kikopo cha kwanza."

"Na yale uliyokuwa unamwambia dada yako? Kwamba nimezaliwa nayo?"

"Nilikuwa namfunga mdomo. Unamjua dada akishapata la kusema. Nikajiambia, mtu akificha kitu ndani ya kopo la hamira, hataki kuulizwa." Alikaa kando yake, na kitanda kikalalamika. "Mbona unalia sasa? Nimekosea aina?"

Alikuwa hajakosea aina. Mama Keki alijifuta kwa ncha ya mtandio, kisha akautoa wote, akauacha uso wake ulivyo mbele ya mumewe. Hakujua aanzie wapi, akaanzia pale alipolimeza neno.

"Siku ile hospitalini, daktari aliuliza kama natumia krimu."

"Ya keki. Nilimjibu."

"Hakuuliza ya keki."

Fundi alikichukua kikopo kutoka kiganjani pake, akakisogeza dirishani, akakizungusha taratibu, midomo ikifuata maandishi, lugha ya kwanza, ya pili, ya tatu ambayo hakuna aliyeijua.

"Lakini mkorogo ni wa ndoo," alisema. "Hii ina muhuri. Nimeinunua dukani, nimepewa risiti. Zebaki haijaandikwa humu."

"Haijaandikwa."

"Sasa yule kijana alijuaje?"

"Aliniangalia uso, Fundi."

"Na wewe ulimwelewa?"

"Nilimwelewa."

"Palepale?"

"Palepale. Halafu nikajichanganya mwenyewe, nikasema huenda ni wewe uliye sawa. Nilitaka uwe sawa. Na yule mama wa meno naye aliponiuliza, nilimwelewa."

Nje mtu alikuwa akipita akiuza mifagio, akiita kwa sauti ya kuchoka. Fundi aliweka kikopo juu ya meza, akakiondoa hapo, akakiweka sakafuni karibu na mlango, akakitazama kama hakuna mahali pa nyumba ile panapokifaa. Mikono yake, ambayo ilifunga mabomba ya mji mzima, haikujua pa kwenda, akaiweka magotini.

"Basi yale meno?" aliuliza.

Mama Keki alipitisha ulimi pale palipokuwa na magego. Bado palikuwa laini, na bado palikuwa na ile ladha ya chuma.

"Meno hayakuwa na kosa," alisema.